Mume Wangu Hageuki Akiitwa

Rasbura, Lindi
22 Aprili 2024

Dada yangu Kidawa,

Shikamoo. Nimefika salama, ila mgongo wangu umebaki kwenye ile milima yenu. Lori la Evaristo lilitubeba mimi na machungwa yako, na naona machungwa yalisafiri vizuri kuliko mimi. Yameoza mawili tu, na moja nalishuku lilitoka Kipatimu likiwa hivyohivyo.

Huku hatujambo. Mwanangu Abdurahmani nimemkuta mzima na kazi zake kwa fundi Kornelio. Siku sita nilizokuwa kwako kwa ajili ya Idi alikuwa anakula kwa jirani yetu Marietha, ambaye anasema hakusikia neno kutoka kwake isipokuwa "asante" mara kumi na nane. Milo mitatu kwa siku sita, kapige hesabu mwenyewe.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya Hussen siku hizi inaongea kwa spika tu. Kila nikikwambia jambo, naitikiwa na majirani. Halafu wewe ulikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nikikuacha bila barua utasahau kusoma.

Sasa nije kwa mume wetu. Najua unasema ni wako peke yako kwa kuwa ndiwe uliyemzaa Hussen, na Hussen ndiye aliyemzaa yeye. Lakini dada wa bibi ni bibi, na mdogo wa bibi ni bibi, na kwa hiyo mimi nina haki zangu. Nilikaa siku sita nyumbani kwa mume wangu wa mwaka mmoja na miezi saba, na hakunitazama usoni hata mara moja. Nimempelekea viatu vinavyowaka taa. Alivigeuza juu chini, akatazama taa, akaniacha nimekaa pale na tabasamu langu.

Kwa hiyo nataka kujua kama ni mimi tu nimechukiwa au na wewe umo. Mfanyie mambo manne, kisha uniandikie kweli bila kujipendelea. Mwite akiwa amekupa mgongo. Mwonyeshe kitu cha mbali kwa kidole. Jifunike uso kwa khanga kisha jifunue, kama tunavyowachezea watoto wote. Halafu angalia kama huwa anakuletea kitu alichokipenda ili na wewe ukione, si kwa kutaka umfungulie, ila ukione tu. Mwisho niambie kama bado anasema yale maneno aliyokuwa akisema mwaka jana.

Wasalimie Hussen na mkamwana wetu Kibibi. Mwambie Kibibi uji wake nimeuota.

Mdogo wako na mke mwenzako,
Sada


Kipatimu
3 Juni 2024

Mdogo wangu Sada,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tano kwa sababu mvua ilikata barabara chini kule na lori la Evaristo likalala kwenye tope siku nyingi. Bahasha imefika na alama ya tairi. Evaristo anaapa hajui ilivyotokea.

Sisi wazima. Ufuta umekubali, magoti hayajakubali. Kibibi amesikia habari ya uji na tangu siku hiyo anatembea kwa maringo.

Wivu wako nimeuona na nimeusamehe. Mke mdogo huwa hivyo. Nimefanya yote manne, tena kwa haki, na Kibibi ni shahidi.

La kwanza. Alikuwa uani anapanga vifuniko vya chupa kwenye mstari, nami nikiwa nyuma yake. Nikaita mara tano. Hakugeuka. Nikarudi jikoni nikafungua kopo la sukari polepole kama mwizi. Alikuwa miguuni pangu kabla sijashika kijiko. Kwa hiyo masikio ni mazima, ni heshima ndiyo haipo.

La pili. Jogoo alikuwa amepanda juu ya paa la choo, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza, nikamwonyesha kwa kidole. Yeye akatazama kidole. Akakishika, akakikagua mpaka kwenye ukucha, akakiacha. Nadhani aliona hina yangu imepauka.

La tatu. Nilijifunika nikajifunua, nikajifunika nikajifunua, mpaka Kibibi akaniuliza kama nina homa. Mume wangu wakati huo alikuwa amelala kifudifudi anatazama gurudumu la baiskeli ya Hussen iliyopinduliwa. Analizungusha, likikaribia kusimama analizungusha tena. Aliendelea hivyo asubuhi nzima. Nadhani atakuwa fundi.

La nne. Hajaniletea kitu nikione. Akitaka kitu cha juu ananishika mkono, ananivuta, anauweka mkono wangu juu ya hicho kitu, na uso wangu haumhusu. Nimechunguza nikaona ni mwanamume kamili wa zamani. Hata marehemu babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa ukimwita mara ya kwanza hageuki. Ya pili hageuki. Ya tatu anauliza chakula kimeiva. Mtoto amerithi jina na tabia, na mimi nimefurahi, maana nilikuwa nimemkumbuka.

Umeuliza na yale maneno. Alikuwa akisema mama, maji na taa. Tangu kabla ya Ramadhani hayasemi. Ameyaweka akiba.

Nakuletea kilo tatu za ufuta. Usimgawie Marietha wote.

Dada yako, mke mkubwa,
Kidawa


Rasbura
20 Juni 2024

Dada yangu Kidawa,

Shikamoo, na Idi kubwa iwe imepita kwenu kwa heri. Huku tumechinja kwa ushirika na majirani, na fungu letu likawa shingo tupu.

Barua yako imenichekesha sana. Abdurahmani alitoka chumbani kuja kuona nina nini, akanitazama, akarudi. Kwa jogoo wa chooni nilicheka peke yangu siku mbili.

Lakini nimekaa nikajiuliza swali moja. Ulimwita mara tano, ulimwita nani? Maana nilipokuwa huko nilisikiliza. Wewe unamwita mume wangu, ukikasirika unamwita bwana mkubwa. Kibibi anamwita baba, kwa kuwa mtoto amepewa jina la baba mkwe na mkamwana mwenye adabu hatamki jina la mkwe wake. Hussen anamwita mzee, maana ni jina la baba yake. Majirani wanamwita babu. Mimi nilikuta watu wazima watatu kwenye nyumba moja na hakuna hata mmoja anayelisema jina lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kama mimi ndiye yeye, ningejuaje kwamba hao wote wanaotafutwa ni mimi?

Kwa hiyo naomba tumtendee haki kabla ya kumlaumu. Kwa mwezi mmoja, nyumba nzima mwiteni Abdulrazak. Hakuna mume, hakuna mzee, hakuna babu. Mwite ukimpa uji, ukimwogesha, ukimwokota kwenye hilo gurudumu. Tuone kama atageuka.

Na jambo lingine. Hiyo sukari inaonyesha anasikia, lakini sukari si daktari. Mlete Lindi masikio yapimwe vizuri na mtaalamu wa watoto amwone. Unajua kwamba nimesimama kwenye mzani wa kliniki miaka kumi na minane, nimeshika watoto wengi kuliko machungwa ya Evaristo. Kuna mambo mtu akiyaona moja moja hayana maana, wapo watoto wanaochelewa kusema na wengine wanaopenda magurudumu. Yakiwa mengi kwa pamoja hapo hatungoji.

Nisikuchoshe. Kitanda cha wageni kipo.

Mdogo wako,
Sada


Kipatimu
9 Julai 2024

Sada,

Marahaba. Tuko wazima, machungwa yanaelekea mwisho, na Evaristo ameoa mara ya pili, ndiyo maana siku hizi lori linaondoka kwa wakati.

Umenitaka niseme jina la mume wangu. Umelifikiria hilo au mkono wako uliandika peke yake? Nilikaa na yule mtu miaka thelathini na sita. Nilikuwa nasema baba Hussen, na kabla Hussen hajazaliwa nilikuwa nasema wewe. Nilipojaza fomu za ofisi nilimwandika na kumwonyesha karani karatasi. Hata alipofariki, walioniuliza jina la marehemu waliambiwa na kaka zake. Leo nisimame uani nipige kelele za jina lake nikimzuia mtoto asile udongo?

Nilimjaribu Kibibi kwanza. Nikamwambia sema. Akavuta khanga mdomoni, akageukia ukuta, akasema kitu ambacho kingeweza kuwa jina lolote. Hussen alifaulu mara moja, mezani, akasema, "Abdulrazak, shuka," halafu akaniangalia, akasema samahani. Sijui alikuwa anamwomba radhi nani. Tumeacha.

Sasa niambie jambo. Barua ya kwanza umeleta mitihani. Ya pili umeleta daktari. Mimi nimefundisha watu wazima, namjua mtu anayezunguka ubao bila kuandika. Umemwona nini mtoto wangu? Liandike hilo unalolizunguka au uache kabisa.

Kidawa


Rasbura
28 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Naona umeniomba niandike, basi naandika, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujavua miwani.

Nadhani mjukuu wetu ana usonji. Nasema nadhani kwa sababu mimi si daktari na mwenye kusema hivyo kwa uhakika ni mtaalamu aliyekaa naye chini na kumwangalia vizuri. Lakini kutokugeuka akiitwa, kutazama kidole badala ya jogoo, kutokuonyesha, kutumia mkono wako bila uso wako, maneno yaliyokuja yakaondoka, yote hayo kwa mtoto mmoja, nimeyaona nikajua. Nilijua siku ya pili ya Idi. Siku nne zilizobaki nilikuwa nakula pilau na kutafuta maneno.

Sikuyajulia kliniki tu. Nimeyajulia kwa Abdurahmani.

Hatujawahi kulizungumza hili mimi na wewe, miaka yote. Wewe huulizi, mimi sisemi, na yeye anashona vifungo. Acha nikuambie leo. Tulipokuwa Sudi, alipokuwa mdogo, watu waliniambia ana kiburi, wengine wakasema ni bubu, mama mkwe akasema nilimtazama nyani nikiwa na mimba. Nilifukizia, nikatundika hirizi, nikamficha chumbani wageni wakija. Sikumpeleka popote. Alipofika miaka tisa ndipo tulipohamia huku, kisha mwalimu mmoja, Fortunata, akanikuta sokoni nikiwa na Abdurahmani analia, akaniomba nimpe nafasi. Alimtengenezea kadi za picha. Kikombe, sahani, choo, mkono. Baada ya wiki kadhaa Abdurahmani aliniletea kadi ya kikombe, akaiweka kwenye goti langu. Nikampa maji, akanywa vikombe vitatu.

Dada, miaka tisa mwanangu alikuwa na kiu na mimi nasema ana kiburi. Hilo silisahau, nikisali lipo, nikipika lipo.

Sikuelezi haya ili nikutie hofu. Abdurahmani wangu leo anajitegemea zaidi ya wavulana wengi wa mtaa huu na hajawahi kunidanganya. Hakupona, maana si homa. Ila amepata njia ya kunifikia, na mimi ya kumfikia. Mtoto anayeanza na miaka miwili anapata njia hiyo mapema kuliko anayeanza na tisa. Hilo tu ndilo ninalotaka. Si kosa la Kibibi, si kosa lako, hakuna aliyemtazama nyani.

Mlete, nakuomba.

Sada


Kipatimu
6 Agosti 2024

Sada,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba.

Nimeelewa kwamba mtu akiwa na mzigo wake huona kila mwenzake amebeba kama huo. Mtoto wangu ana miezi ishirini na mitatu, ana afya, anakula, ana nywele nzuri, na wewe umekuja nyumbani kwangu siku sita ukamtia jicho. Kama Mungu alikupa wako vile, usitafute wa kumshirikisha.

Usimwandikie Kibibi. Usimpigie Hussen.

Kidawa


Kipatimu
14 Oktoba 2024

Sada mdogo wangu,

Sijui kama utafungua. Nimempa Evaristo barua hii na gunia la mbaazi, nikamwambia asikupe mbaazi mpaka uifungue, akasema yeye si polisi.

Miezi miwili na zaidi hukuniandikia. Nilituma machungwa ya mwisho mwezi wa nane, gunia likarudi limekunjwa vizuri, tupu, limefuliwa. Ningelipata limechanika ningefurahi zaidi. Nikajua umekasirika kwa adabu, na wewe ukikasirika hivyo ni mbaya.

Nakuandikia habari kwanza. Mwezi wa tisa mtoto alitimiza miaka miwili. Siku hiyo nikasema kwa nini nisimshinde Sada kwa mtihani wake mwenyewe. Nikawaita Hussen na Kibibi nikawaambia kuanzia leo ni Abdulrazak, na anayesita atafua khanga zangu. Wa kwanza kufua nilikuwa mimi.

Ungetuona ungecheka. Kibibi alianza kwa kunong'ona, siku ya nne akawa anatamka, siku ya kumi akawa anaita toka kisimani. Jirani yetu mzee Benedikto alimsikia, akaja na kofia mkononi kuuliza kama kuna taarifa ya marehemu. Mimi nilikuwa naliita jina nikiwa nimefumba macho. Wiki ya pili nikayafumbua. Halafu, sitakuficha, nikaanza kulipenda. Miaka thelathini na sita sikujua lilivyo tamu kinywani.

Tulimwita akila, akioga, akiamka. Tulimwita kwa upole na kwa ukali. Siku ya thelathini nikamwita kwa sauti yangu ya darasani, ile iliyokuwa inawaamsha wazee. Kuku walikimbia. Yeye alikuwa hatua tatu kutoka kwangu anatembea kwa ncha za vidole, anapunga mikono yake mbele ya mwanga, na hakugeuka.

Nikakaa pale pale chini nikalia. Kibibi akaja akakaa pembeni yangu. Nilidhani atanibembeleza. Akasema, "Mama, mimi nilijua tangu alipoacha kusema taa. Nilikuwa nangoja wewe useme kwanza."

Ananingoja mimi, Sada. Miezi yote ile nilipokuwa nasema mtoto amerithi adabu za babu yake, mama yake alikuwa anasonga ugali na anajua. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema angeonekana anamtukania mkwe jina. Na Hussen naye, kumbe, alikuwa amekwenda kuuliza mganga wa zahanati na akaambiwa ampeleke Lindi, akarudi akanyamaza kwa sababu nilikuwa na furaha. Nyumba nzima ilikuwa inanitunza mimi, na mtoto akawa anangoja.

Sasa nije kwenye neno lile la jicho. Naliomba radhi, lakini radhi tupu haitoshi, kwa sababu nilijua uchungu wa neno lile nilipoliandika. Nililijua vizuri kuliko mtu yeyote, na nitakuambia sababu.

Mwaka tisini na saba nilikuja Sudi kwenye harusi ya binamu yetu. Abdurahmani alikuwa na miaka miwili. Nilikaa naye kibarazani mchana mzima wewe ukiwa jikoni na wanawake. Nilimwita, nikamchezea, nikamwimbia. Alikuwa anadondosha changarawe kwenye kopo, moja moja, anasikiliza. Sikulijua jina la lile jambo, lakini niliona kwamba mtoto yuko mahali pengine na anahitaji mtu amfuate. Nilifundishwa kuangalia wanafunzi. Niliona, Sada.

Na sikukuambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili kwenye ndoa na sina mtoto. Hussen hakuwa hata wazo. Ukiwa tasa ukasema mtoto wa mdogo wako ana kasoro, watakuita nani? Watasema amemtia jicho. Nililiogopa neno hilo kiasi kwamba nilikula pilau, nikacheza ngoma, nikarudi Kipatimu. Nikajiambia mama yake ataona mwenyewe. Baadaye nikapata Hussen, hofu ikaisha, na bado sikusema, maana ningesemaje kwamba nilijua siku zote? Ndiyo maana sikuwahi kukuuliza habari zake.

Ulipoandika juu ya kile kikombe cha maji sikulala vizuri siku nyingi. Halafu wewe, ambaye una haki ya kuninyamazia, ukasema. Nami nikakurushia neno lile lile lililonifunga mdomo miaka ishirini na saba.

Tunakuja Jumatatu ijayo na lori la Evaristo, mimi na Kibibi na mtoto. Tutaanza na masikio, kisha mtaalamu, kisha yule Fortunata kama bado yupo. Ukitaka kufunga mlango, nifungie mimi, nitakaa kwa Marietha. Mtoto mpokee.

Dada yako,
Kidawa


Rasbura
18 Oktoba 2024

Dada yangu Kidawa,

Shikamoo. Evaristo anarudi sasa hivi, amesimama mlangoni anapiga honi kwa mdomo, kwa hiyo naandika kwa haraka. Mbaazi nimezipata. Alinipa kabla sijafungua.

Siku ile ya harusi nilitoka jikoni kuchukua sinia. Nikakuona pale kibarazani. Nilikuona ukimwita, nikaona unavyomtazama, na nikaona uso wako ulipojua. Nilisimama nyuma ya mlango na sinia mkononi nikamwomba Mungu usiseme. Jioni nikaja kukaa karibu nawe makusudi, nikaongea sana, nikakujazia sahani, ili usipate nafasi. Ungesema ningekufukuza, dada. Ningekuita hilo neno mimi mwenyewe, mbele ya watu, na nisingelirudisha. Miaka yote nilidhani unaninyamazia kwa kunihurumia, nikawa nakushukuru, na nikawa nakuchukia kidogo.

Basi tumejua. Nimelia tayari, ukija usinianzishe tena.

Fortunata yupo, amezeeka, anasema mleteni. Mwambie Kibibi abebe kadi ya kliniki na nguo alizozizoea mtoto, asimvalishe mpya. Aje na hilo gurudumu pia, mlifunge juu ya mzigo, asifike ugenini bila kitu anachokijua. Abdurahmani nimemwambia wageni wanakuja. Amefagia chumba na kuweka vikombe vinne mezani, kisha akaenda akaongeza kingine kidogo, cha mtoto.

Sada